Kupanga kambi ya magari ya kulala Mombasa: kwa nini idadi ya nafasi huja mwisho

Mwenye shamba akimwita mpimaji, swali la kwanza huwa ni lilelile: "Mwanangu, hapa yataingia magari mangapi?" Ana eka zake mbili Utange au Mtongwe. Amesikia kwamba wageni wanaozunguka Afrika na magari yao ya kulala hulipia mahali pa kuegesha, na amewaona watu wa Nairobi wakishuka pwani na hema juu ya paa la Land Cruiser badala ya kuchukua chumba cha hoteli. Anataka idadi ili apige hesabu ya mapato. Swali lenyewe ni la haki. Shida ni kwamba likijibiwa mwanzo, kila kinachofuata hulazimishwa kutoshea jibu hilo.

Ramani nyingi za kambi za aina hii huanza kwa mistari: mstatili hapa, mstatili pale, barabara katikati, choo kwenye pembe iliyobaki. Ukiichunguza ramani hiyo utakuta gari la mita 8 haliwezi kukata kona iliyochorwa, bomba la maji taka linatakiwa kupanda mlima, na kisima kiko hatua chache kutoka kwenye shimo la choo. Kwetu Mombasa mpangilio unaofaa huanzia chini ya ardhi. Kwanza ujue maji machafu yataenda wapi, kisha magari yatapita wapi, kisha jua na upepo vinatoka wapi. Nafasi za kuegesha huchorwa kwenye kinachobaki.

Tukubaliane kwanza ni magari gani tunayoyazungumzia, maana hayafanani. Kuna gari la kawaida la safari lenye hema juu ya paa, ambalo mwenyewe anahitaji kivuli, meza, bafu safi na mahali pa kupikia. Kuna karavani inayovutwa, na gari-nyumba la Kizungu la mita 6 hadi 7 na nusu, lenye kitanda, jiko, choo na friji ndani. Halafu kuna malori ya safari ndefu yaliyojengewa chumba mgongoni, mengine yakishushwa kwenye bandari yetu kutoka kwa meli za kubebea magari. Haya hufika mita 9 au 10 kwa urefu na karibu mita 4 kwa kimo. Yale mabasi makubwa ya Kimarekani ya mita 13 ni nadra kuonekana huku, na sioni sababu ya kuitesa ardhi yote kwa ajili yake. Yatosha nafasi moja au mbili zinazoweza kumpokea mgeni wa namna hiyo akitokea.

Sasa ile hesabu ya mwenye shamba. Eka mbili ni kama mita za mraba 8,000, tuseme kiwanja cha mita 80 kwa 100. Nafasi ya wastani ni mita 9 kwa 15, yaani mita za mraba 135. Ukigawanya bila kufikiri unapata magari 59, na hapo ndipo mzee huanza kutabasamu. Lakini acha ukanda wa mita 5 kuzunguka kiwanja chote, kwa ajili ya ua, miti na majirani: mita 1,700 zimeondoka. Barabara ya ndani ya mita 250 yenye upana wa mita 4 na nusu inakula 1,125. Mabafu, jiko la pamoja na ofisi, 300. Mahali pa kumwagia maji taka na mtambo wa kuyasafisha, 500. Lango na sehemu ya kusubiri, 300. Uwanja wa watoto na vivuli vya pamoja, tuseme 1,000. Zinabaki mita 3,075, nazo zinabeba magari 22. Anayekuahidi magari 40 kwenye eka hizo mbili amefuta kitu kwenye orodha hiyo, na mara nyingi kilichofutwa ni maji taka.

Maji taka na mwamba wetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kambi za pwani zinapoharibikia.

Ardhi ya Mombasa si moja. Ukanda wa bahari, kuanzia Likoni hadi Nyali, Bamburi na Shanzu, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, wenye vitundu kama mkate wa kumimina. Ukienda magharibi, Changamwe, Mikindani na Miritini, unakuta udongo wa mfinyanzi juu ya miamba laini ya matabaka. Mwamba wa matumbawe hunywa kila kinachomwagwa juu yake na kukipeleka moja kwa moja kwenye maji ya visima, bila kukichuja inavyotakiwa. Udongo wa Miritini haunywi chochote: masika yakiingia, maji husimama na lori la tani 12 huzama hadi ekseli. Kwa hiyo kabla ya kuchora hata nafasi moja, chimba mashimo ya majaribio sehemu tatu nne za kiwanja, uone mwamba uko kina gani na maji ya chini yako kina gani. Fanya kazi hiyo mwezi wa tano. Kiwanja kilichopimwa kiangazi, mwezi wa pili, humdanganya mwenyewe.

Gari la kulala hubeba matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Magari ya Ulaya mara nyingi huwa na kikasha cha choo cha lita 20 hivi ambacho mwenyewe hukichomoa na kukibeba kwa mkono. Ya Kimarekani yana tangi la lita 100 au 150 linalomwagwa kwa bomba nene chini ya gari. Kambi inayotaka kuwapokea wote hujenga sehemu moja ya kumwagia yenye njia zote mbili: sakafu ya zege iliyoinamia tundu la katikati lenye kifuniko, na pembeni beseni pana, la kimo cha kiuno, la kumwagia vikasha. Bomba la kusafishia liwe na kizuizi kinachokataza maji kurudi nyuma, liandikwe kwa herufi kubwa kwamba si la kunywa, na bomba la maji ya kunywa liwe mbali, angalau mita 15. Nasisitiza umbali huo kwa sababu mtu aliyechoka baada ya saa kumi barabarani atajaza maji popote atakapoona bomba.

Sehemu hiyo ijengwe karibu na njia ya kutokea, upande ambao upepo hauvumi kuelekea kwa waliolala, na gari liweze kusimama hapo bila kuziba barabara ya wengine. Asubuhi, watu wakiondoka, kutakuwa na foleni.

Je, kila nafasi iwe na bomba lake la maji taka? Huko Marekani ni kawaida. Hapa hesabu yake ni ngumu. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa kama mita 1 kwa kila mita 60. Likienda mita 90, mwisho wake uko mita moja na nusu chini zaidi ya mwanzo wake, na hiyo mita moja na nusu unaichimba kwenye mwamba kwa mashine ya kupasulia mawe. Ukiwa na kiwanja kilichoinama chenyewe, basi fuata mteremko wake na uwawekee mabomba wale wa nafasi kubwa peke yao. Kiwanja kikiwa sawasawa, kama vilivyo vingi vya Utange, mahali pamoja pa kumwagia panatosha, na pesa zilizookolewa ziende kwenye kuyasafisha maji yenyewe.

Nayo yasafishwe kweli. Sehemu kubwa ya bara la kaskazini na la kusini la Mombasa haina bomba la umma la maji taka. Watu hutegemea mashimo na eksosta inayokuja kunyonya. Kambi yenye magari 22 ikitumia lita 300 kwa kila nafasi inatoa hadi lita 6,600 kwa siku, na shimo la kudidimiza maji kwenye matumbawe maana yake ni kuyapeleka kwenye kisima cha jirani na hatimaye baharini, ambako tuna hifadhi ya bahari ya taifa tangu 1986. Njia inayofaa ni tangi la maji taka lenye vyumba, lisilovuja, kisha bwawa la kokoto lililopandwa matete, ambamo mizizi na vijidudu humalizia kazi. Si jambo geni kwetu: gereza la Shimo la Tewa, pale Shanzu, lilijengewa mfumo wa matete wa aina hiyo ili maji yake machafu yasiende mkondoni yalivyo. Maji yanayotoka mwisho hayanyweki, lakini yanamwagilia miti.

Lipo jambo dogo linaloua mfumo huo: dawa ya buluu ya vyoo vya magari. Baadhi ya hizo zina formalini, kemikali ambayo huzuia harufu kwa kuua vijidudu, na vijidudu hivyohivyo ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya tangi lako. Vikasha vitano sita vya dawa hiyo kwa siku kwenye tangi dogo, na baada ya mwezi utaanza kunusa. Waambie wageni langoni, wauzie dawa isiyo na formalini, au jenga tangi la pembeni la vikasha pekee linalonyonywa na eksosta. Mimi napendelea hilo la tatu, kwa sababu halitegemei hisani ya mtu yeyote.

Maji safi nayo yanahitaji akiba. Mombasa hupokea maji kutoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi huko Kwale. Mgao ni jambo la kawaida, na kila mkaazi anajua bei ya mtungi hupanda vipi mkokoteni ukiwa ndio tegemeo. Kwa lita 6,600 kwa siku, akiba ya siku nne ni lita 26,400, yaani matangi matatu ya lita 10,000. Ukichimba kisima utahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na karibu na bahari usipovuta maji kwa kiasi, chumvi hupanda. Maji ya kisima yapelekwe vyooni na bustanini, ya mfereji yabaki ya kunywa, na mabomba yake yawe na rangi tofauti tangu siku ya kwanza.

Njia ya gari, na upande wa usukani

Baada ya maji kupata njia yake, chora barabara. Kwa kambi ndogo, mzunguko wa njia moja ndio bora: magari hayapishani, upana wa mita 4 na nusu unatosha, na watoto wanajua gari litatokea wapi. Barabara ya pande mbili inataka mita 6 hadi 7, na ardhi hiyo huna.

Shida ya kona haiko kwenye magurudumu ya mbele. Dereva anapokata, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi, juu ya bustani au mguu wa mti, huku mkia wa gari ukipepea nje na kugonga nguzo ya stima. Kwa gari refu au gari linalovuta karavani, acha ukingo wa nje wa kona uwe na nusu-kipenyo cha mita 15 hivi, na ndani ya kona usiweke jiwe, taa wala kibao.

Nafasi zenyewe ni za namna mbili: ya kupitiliza, ambamo gari huingia upande mmoja na kutokea wa pili, na ya kuingia rivasi. Ya kupitiliza hula ardhi nyingi kwa sababu inahitaji barabara pande zote mbili, lakini anayevuta karavani au trela ataibariki. Kwa zile eka mbili ningeweka sita za kupitiliza za mita 10 kwa 20, nane za wastani za mita 9 kwa 14, na nane ndogo za mita 8 kwa 10 za magari yenye mahema. Jumla yake ni mita 2,848, kwa hiyo kwenye zile 3,075 unabaki na nafasi ya kupumua.

Upana huo una sababu. Uingereza huagiza mita 6 kati ya karavani moja na nyingine ili moto usirukie jirani. Gari la upana wa mita 2 na nusu likikaa katikati ya nafasi ya mita 9, linabakisha mita 6 na nusu hadi jirani yake. Ukibana nafasi hadi mita 6, umebana njia ya moto.

Zile za rivasi zina jambo ambalo vitabu vya nje havitakuambia, kwa sababu vimeandikwa kwa nchi ambako wote hukaa upande mmoja wa usukani. Dereva anaporudi nyuma huona vizuri upande aliokaa yeye. Huku kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo rahisi ni kurudi ukielekea kulia. Mgeni aliyeleta gari lake kutoka Ujerumani au Ufaransa amekaa kushoto, na rahisi kwake ni kushoto. Fanya mzunguko uende mwendo wa saa: nafasi za ndani ya mzunguko zitakuwa kulia kwa dereva, ziwe za wenyeji na wageni wa Afrika Kusini na Uingereza, za nje zitakuwa kushoto, wapewe wa Ulaya bara. Zilaze kwa pembe ya nyuzi 60 hivi, gari likitoka liwe limeshaelekea njia. Mlinzi wa lango akitazama usukani tu anajua amwelekeze mgeni wapi, na kelele za "rudi, rudi, kata!" usiku wa manane zinapungua.

Milango nayo haifuati mkao mmoja. Karavani za Uingereza na Afrika Kusini kwa kawaida hufunguka kushoto, magari ya Ulaya bara na Marekani hufunguka kulia, na ya Kimarekani huwa na viungio vya maji na stima upande wa kushoto, kuelekea nyuma. Nguzo ya huduma ukiiweka upande mmoja bila kufikiri, nusu ya wageni watalaza waya mlangoni pao wenyewe. Katika nafasi za kupitiliza, mgeni anaweza kuingia kutoka upande wowote akachagua mkao wake, nayo ni sababu nyingine ya kuzipenda. Katika zile za rivasi, weka nguzo kwenye mpaka wa nyuma kati ya nafasi mbili, ifikike kutoka pande zote.

Sehemu ya kuegesha iwe karibu sawasawa, mteremko usizidi asilimia 1 au 2, wa kuondoa maji tu. Mgeni hulalamikia kitanda kilichoinama, lakini friji za gesi za magari haya ndizo zinazoteseka zaidi: zikiinama sana haziwezi kugandisha, na hatimaye huharibika. Kwa tabaka la juu, matumbawe yaliyopondwa na kushindiliwa yanatosha kwa nafasi nyingi. Kabro iende langoni na kwenye kona. Lami sioni kazi yake, inachoma miguu mchana na hairuhusu maji kupita. Mvua ya milimita 20 kwa saa moja, ambayo kwa masika yetu ni jambo la kawaida, huangusha lita 160,000 juu ya kiwanja hicho cha eka mbili. Lazima ujue zitaenda wapi, na jibu lisiwe kwa jirani.

Langoni, kizuizi kikae mita 25 au 30 kutoka barabara kuu ili magari mawili marefu yaweze kusubiri ndani. Gari la kulala likisimama na mkia wake ukiwa nje kwenye barabara ya Malindi, matatu na tuktuk zitakuonyesha siku hiyohiyo kwamba umekosea. Na kwa wanaotafuta kiwanja upande wa kusini, barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu: lori refu la safari linaweza kufika Likoni au Diani bila kupanga foleni ya feri.

Kusi, kaskazi na nazi

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko juu ya kichwa mwaka mzima, likiegemea kaskazini kidogo katikati ya mwaka na kusini kidogo mwisho wa mwaka. Linalochemsha gari ni lile la alasiri, kutoka magharibi. Kwa hiyo gari lilale mashariki-magharibi, upande wake mfupi ukipokea jua la jioni. Na hapo maumbile yanatusaidia: kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na zote mbili zitapiga ubavu mrefu wa gari, ambako ndiko madirisha yaliko. Mpangilio mmoja unafaa misimu yote miwili. Huwezi kuupata kwa kila nafasi, kwa sababu ya zile nyuzi 60, lakini kaza zielekee huko kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ukiwa ufukweni kabisa, kumbuka pia kwamba kusi hubeba chumvi: soketi, bawaba na kufuli zigeuzie mgongo bahari.

Miti ichaguliwe kwa moyo wote. Mnazi ni mzuri kwenye picha, lakini nazi iliyokauka ikianguka juu ya sola ya mgeni au paa la hema, utalipa. Ama mkwezi aje kuziangua kwa ratiba isiyoruka, ama minazi ibaki kwenye ukanda wa ua. Mwembe humwaga utomvu na maembe. Mkanju hutambaa chini, lori halipiti. Mwarobaini ni bora: kivuli kizito, hauna tunda la kuvunja kioo, na unastahimili kiangazi. Kwenye mwamba mtupu, panda mvinje. Tunalo somo lake hapa Bamburi: Rene Haller alipoanza mwaka 1971 kuyafufua machimbo ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26 za miti na zikasalia tatu tu, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwao. Leo pale pana msitu, Haller Park. Matawi juu ya barabara yakatwe hadi kimo cha mita 4 na nusu, na ukataji huo uwe kazi ya kila mwaka.

Acha pia nafasi tano sita bila kivuli. Wageni wengi hutegemea sola ya paani, nao watakushukuru kwa jua.

Stima ina mtego wake. Soketi ya kambi inayotumika Ulaya ni ile ya buluu ya pini tatu, ampea 16, na kwa volti 240 hiyo ni kama kilowati 3.8. Nafasi 22 zikivuta zote kwa pamoja ni kilowati 84. Hazitavuta zote pamoja, na kanuni ya umeme ya Marekani huruhusu idadi kama hiyo ihesabiwe kwa asilimia 43. Mimi nisingeshuka hadi hapo. Usiku wa mwezi wa pili, joto halishuki, kila mwenye kiyoyozi amekiwasha, na wote wamekiwasha saa ileile. Hesabu asilimia 60, kilowati 50, omba laini ya fezi tatu, na ugawe nafasi sawasawa kwenye fezi. Kila soketi iwe na breka yake na kinga ya kukata stima inapovuja, ya miliampea 30, kwa sababu watu hushika milango ya bati wakiwa miguu mitupu kwenye ardhi iliyolowa. Gari la Kimarekani la volti 120 lisichomekwe bila transfoma inayofaa. Mlinzi aulize kabla, fundi wa stima aandike kibao.

Moto huku una jina lake: makuti. Banda la makuti linapendeza na linapoza, lakini cheche moja ya mkaa wakati wa kaskazi inatosha kulimaliza kabla hujapata ndoo. Jiko la pamoja liwe na paa la mabati au vigae, banda la kupumzikia likae mbali na jiko na mbali na nafasi za magari yenye mitungi ya gesi, na ile barabara ya mzunguko ibaki wazi kwa gari la zimamoto saa zote. Taka ziwe na mapipa yenye vifuniko vizito. Kunguru na tumbili wa pwani hawahitaji kualikwa mara mbili.

Vibali nitavitaja kwa mpangilio wa kuvitafuta. Anza na hati ya ardhi, ihakikishwe kwenye sajili kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa migogoro ya ardhi ya pwani haijaisha. Pili, idhini ya kaunti ya kubadili matumizi ya ardhi chini ya sheria ya upangaji ya 2019. Tatu, tathmini ya mazingira kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kisha afya ya umma ya kaunti, na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Ikiwa kiwanja kimepakana na ufuo, mpimaji aweke wazi mstari wa maji ya bamvua, kwani tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hapa hufika karibu mita 4 na mpaka unaoonekana siku ya maji mafu si mpaka. Na kama kuna kipito ambacho wavuvi na akina mama wa mtaa hukitumia kufika baharini, kichore kwenye ramani kama njia halali na uache ukanda wake. Kambi iliyofunga njia ya watu italindwa na askari usiku na mchana, na wageni watalihisi jambo hilo.

Ramani ikishatulia kwenye karatasi, haijaisha. Nunua magunia ya chokaa, chora barabara, kona na kila nafasi juu ya ardhi yenyewe, gonga vigingi. Kodi lori refu zaidi unalotarajia kulipokea, na gari dogo linalovuta trela, na dereva asiyeijua kambi. Mwache aingie langoni, azunguke, aingie rivasi kwenye nafasi tatu tofauti, aende sehemu ya kumwaga, atoke. Usimwelekeze. Pale atakapokanyaga chokaa, kigingi kihamishwe saa hiyohiyo, na mpimaji achukue vipimo vipya kabla fundi wa kabro hajaitwa.